Liemba isizikwe ziwani: chuma cha vita kina deni kwetu

MULONGWE, UVIRA. Leo nitasema juu ya meli moja kongwe. Najua kuna atakayeuliza: mwanahabari, watu wanalala chini, unga umepanda bei, na wewe unatuletea habari ya meli? Ndiyo, nailetea makusudi. Meli hiyo ilipigana vita katika ziwa hili hili, ikazamishwa, ikaibuliwa, na baadaye ikabeba baba zetu na mama zetu kuwarudisha nyumbani. Sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 100, na swali la mwisho wake liko mezani. Wanaoongea juu ya mwisho huo ni wengi, lakini sisi wa upande huu wa ziwa hatumo.

Meli hiyo ni Liemba. Msimamo wangu nausema mwanzoni, ili asiwepo wa kunisingizia: Liemba isikatwe kuwa mitraye kabla ya wakati wake, isigeuzwe kuwa pambo la watalii, na hasa isizamishwe tena katika maji tunayokunywa. Itengenezwe vizuri, irudi kazini, na kazi hiyo ifike mpaka Kalundu na Baraka. Chuma kilicholetwa hapa kwa ajili ya vita kina deni kwa watu wanaokimbia vita.

MAJESHI YANAZIKA VIPI MELI ZAO

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu mambo ya wakubwa yanatufundisha.

Kuna manowari zinazoitwa za kubeba ndege. Ni kama uwanja wa ndege unaoelea baharini. Marekani ilikuwa na moja iliyoitwa Kitty Hawk, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kustaafu mwaka 2009. Mwaka 2021 jeshi la Marekani liliiuza kwa kampuni ya kukata meli kwa bei ya senti moja. Siyo dola moja, ni senti moja. Ilikuwa pana kiasi cha kushindwa kupita mfereji wa Panama, kwa hiyo mwaka 2022 ilivutwa kuzunguka Amerika ya Kusini yote mpaka Brownsville, Texas, kwenda kukatwa vipande.

Ufaransa nayo ilikuwa na mbili, Clemenceau na Foch. Clemenceau iliondoka Toulon siku ya mwisho ya mwaka 2005 kwenda India, kukatwa katika pwani ya Alang, ambako wafanyakazi maskini wanavunja meli za dunia kwa mikono yao. Ndani yake mlikuwa na asbesto, ule uzi wa jiwe ambao mtu akiuvuta kwenye mapafu unaweza kumuua kwa saratani miaka mingi baadaye. Watu walipiga kelele, kesi ikafika mahakama kuu ya India, na Februari 2006 rais Jacques Chirac akaamuru irudishwe. Mwishoni ilivunjwa Hartlepool, Uingereza, na watu wenye vifaa vya kujikinga.

Foch ilikuwa na mwisho mbaya zaidi. Ufaransa iliiuzia Brazil mwaka 2000, ikaitwa São Paulo. Ilipochoka, Brazil iliiuza kwa kampuni ya Uturuki ikakatwe huko. Agosti 2022 ikavutwa kuvuka bahari, na kabla haijafika serikali ya Uturuki ikasema hapana, hatutaki sumu hiyo. Ikageuzwa. Kurudi Brazil, bandari nazo zikaikataa. Ikawa inazunguka baharini kama maiti isiyo na makaburi, mpaka tarehe 3 Februari 2023 jeshi la majini la Brazil lilipoizamisha kwa makusudi katika Atlantiki, kilomita kama 350 kutoka pwani, penye kina cha mita kama 5,000. Asbesto na rangi zenye sumu zikaenda nayo chini.

Watu wa mazingira walilia, na waziri wa mazingira wa nchi hiyo alipinga. Lakini meli ilikwisha kwenda.

Hata sheria imewaacha. Mkataba wa Hong Kong juu ya kuvunja meli kwa usalama uliandikwa mwaka 2009, na umeanza kufanya kazi tarehe 26 Juni 2025. Ni jambo jema. Lakini ukisoma ndani utaona meli za kivita zimewekwa kando. Mvuvi ataulizwa karatasi ya mtumbwi wake, jeshi haliulizwi juu ya kaburi la manowari yake.

Ninachotaka tuone ni hiki. Siku manowari inapozaliwa kuna bendera, muziki na hotuba. Siku inapokufa inatafutwa pwani ya maskini, au inatafutwa sehemu yenye kina ambako hakuna jicho linaloona. Wanaoamua ni wenye nayo, na wanaobaki na sumu ni wengine. Tuliweke hilo kichwani tunaporudi ziwani kwetu.

VITA ILIYOPITA JUU YA MAJI YETU

Wazee wetu walijua, vijana wengi hawajui: ziwa Tanganyika lilikuwa uwanja wa vita vya dunia.

Meli ile ilijengwa Ujerumani, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Huko ikaunganishwa upya na kuteremshwa majini mwezi wa pili mwaka 1915. Urefu wake ni mita 71. Ilibuniwa ibebe abiria na mizigo, ila vita ilikuwa imekwisha kuanza, kwa hiyo ikawekewa mizinga, mmoja wao ukiwa umetoka kwenye manowari Königsberg iliyofia katika mto Rufiji. Ikapewa jina Graf von Götzen. Huyo Götzen ndiye gavana aliyekuwa madarakani wakati Wajerumani walipoizima vita ya Maji Maji kwa kuchoma mashamba na kuwaacha watu wafe njaa. Jina la mtu kama huyo ndilo lilipita mbele ya vijiji vyetu.

Upande wetu alikuwa Mbelgiji. Waingereza wakamletea msaada wa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Katanga, zikakokotwa porini na milimani kwa maksai na kwa mikono ya watu weusi, zikapita Lualaba mpaka Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka boti ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Na ndege pia zilikuwepo. Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za kutua majini, aina ya Short, wakaziweka kaskazini ya Kalemie. Mwezi wa sita 1916 zikaruka kuvuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma, zikiitafuta Götzen. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mambo ya manowari na ndege za vita ni ya Atlantiki na Pasifiki tu. Babu zetu waliona ndege ikipanda kutoka juu ya maji ya Tanganyika kabla vijiji vingi vya Ulaya havijaona ndege.

Mwezi wa saba, jeshi la Force Publique, yaani vijana wa Kongo chini ya makamanda Wabelgiji, lilikuwa linakaribia Kigoma. Wajerumani wakaona Götzen itatekwa. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi wake walifanya jambo la akili: kabla ya kuizamisha walipaka mashine zote grisi nzito, wakiwa na tumaini la kurudi siku moja kuichukua. Siku mbili baadaye Kigoma ikaanguka.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua baada ya vita, ikazama tena bandarini Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa, wakasafisha ile grisi, wakakuta mashine ni nzima. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari na jina jipya, Liemba, jina ambalo watu wa kusini ya ziwa waliliita ziwa lenyewe tangu zamani. Jina la gavana likafutwa, jina la maji likabaki. Sijaona hukumu ya haki zaidi ya hiyo.

Sasa jiulize nani alilipa gharama ya vita ile. Vitabu vya Ulaya vinawasifu makamanda. Lakini wapagazi walioandikishwa katika Kongo kwa vita hiyo walikuwa zaidi ya laki mbili, wakibeba risasi na vyakula vichwani, na wengi wao hawakurudi kwa sababu ya njaa, kuhara na uchovu. Hawana sanamu, hawana orodha ya majina. Anayesema Liemba ni mali ya Tanzania peke yake anasema kweli kwenye karatasi. Mbele ya historia, sisi nasi tulichangia, na mchango wetu ulikuwa watu.

CHUMA KILICHOBEBA WAKIMBIZI

Hapa ndipo Liemba inaposhinda manowari zote nilizotaja juu.

Mwezi wa kumi 1996 Uvira ilianguka mikononi mwa AFDL. Wenye umri wangu tulikuwa watoto. Watu wa Uvira na Fizi walikimbilia ziwani kwa chochote kinachoelea, wakavuka mpaka Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi, Nyarugusu na nyinginezo. Mwaka 1997, Mobutu alipokwisha ondoka, HCR ilikodi Liemba kuwarudisha. Meli iliyoletwa kubeba askari wa Kaiza ikabeba wakimbizi zaidi ya 75,000 wa kwetu kurudi nyumbani. Wako kati yetu hapa Mulongwe watu wazima ambao safari yao ya kwanza ya meli ilikuwa hiyo, mgongoni kwa mama.

Mwaka 2015 yakawa zamu ya majirani. Warundi makumi ya maelfu walikimbia wakajikuta kwenye kijiji cha Kagunga, kipande cha pwani kilichobanwa na mlima, pasipo barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa maji tu. Liemba, wakati huo ikiwa na miaka 100, ikawa inakwenda na kurudi, watu kama 600 kwa safari, mpaka Kigoma.

Tuelewane vizuri. Kitty Hawk ilipigana Vietnam, mwisho wake ukawa senti moja. Foch ilizunguka dunia, mwisho wake ukawa sumu chini ya bahari. Liemba ilipigana vita mwaka mmoja tu, halafu ikafanya kazi ya watu karibu miaka 90. Ilibeba ndagala, mahindi, mananasi, wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa na wakimbizi. Mwisho mzuri wa chombo cha vita ni huo. Wala haukuletwa na huruma ya jeshi lolote, uliletwa na watu wa ziwa waliokuwa na haja nayo.

WANAYOSEMA, NA NINAVYOJIBU

Kwa miaka kadhaa sasa Liemba imekuwa gatini Kigoma bila kusafiri. Serikali ya Tanzania imetia sahihi mkataba wa kuikarabati, na hilo tunalipongeza. Lakini maneno ni mengi, na kuna manne ninayoyasikia sana.

Neno la kwanza: meli ya miaka zaidi ya 100 ni hatari, ikatwe. Nakubali sehemu moja. Meli mbovu isisafiri hata siku moja, iwe kongwe au mpya. Lakini tusidanganyane kuhusu nini kinatuua ziwani. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wetu wa Kongo, na watu zaidi ya 120 wakapoteza maisha. Haikuwa na miaka 100. Kinachoua ni kupakia kupita kiasi, kusafiri katika upepo mbaya, kukosa jile za kuokoa maisha, na karatasi ya ukaguzi inayopatikana bila ukaguzi. Ukiikata Liemba bila kuleta nyingine, abiria wake hawatabaki nyumbani. Watapanda boti ya mbao pamoja na mapipa ya mafuta na magunia ya simenti. Je, hapo umepunguza hatari au umeongeza?

Neno la pili: iwe makumbusho, watalii walete dola. Najua kuna manowari zilizofaulu hivyo. Midway ya Marekani iko San Diego tangu mwaka 2004, na watu wanalipa kuingia. Lakini India nayo ilikuwa na manowari Viraat, ikazungumza miaka na miaka juu ya makumbusho, pesa haikupatikana, na mwaka 2020 ikapelekwa Alang kukatwa. Makumbusho yanahitaji mji tajiri na watalii wasiokatika. Sina ubaya na historia, hata maandishi haya ni historia. Lakini mama mwenye watoto wanne anayetafuta kuvuka kwenda kwa ndugu zake hawezi kupanda makumbusho. Na mtalii akitaka kuona Liemba, akate tiketi kama abiria wengine. Atajifunza zaidi.

Neno la tatu, na hili ndilo linanikasirisha: ikishindikana, izamishwe tu, ziwa ni kirefu. Ni kweli ni kirefu. Kina chake kinapita mita 1,400, ni la pili duniani. Lakini bahari ya Atlantiki si kisima cha mtu. Tanganyika ni kisima chetu. Hapa Uvira, mto Mulongwe ukichafuka na bomba la REGIDESO likikauka, watu wanashika bidoni na kwenda ziwani. Wanakunywa, wanafua, wanaoga, wanavua. Kipindupindu kinatufahamu kwa majina kwa sababu hiyo hiyo. Maji ya ziwa hili hayana haraka ya kutoka, mlango wake ni mto Lukuga peke yake, kwa hiyo kinachoingia kinakaa. Mafuta, rangi ya risasi na takataka nyingine za meli kongwe zikishuka chini, tumewaachia wajukuu.

Tena nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda ziwa hili tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka yake ina ofisi pale Bujumbura, ng'ambo yetu tu. Mwisho wa meli kubwa ya ziwa ni kazi yao. Siku Liemba itakapochoka kabisa, na siku hiyo itafika, itolewe majini, isafishwe na kukatwa nchi kavu na watu waliofunzwa na kuvikwa vizuri. Kama Clemenceau ilipata heshima hiyo baada ya kelele za watu, kwa nini Liemba isipate?

Neno la nne linatoka kwa watu wetu wenyewe: hayo ni mambo ya Watanzania, sisi tunahusika nini? Ndugu zangu, neno hili ndilo limetufikisha hapa. Ziwa halina ukuta katikati. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka na hofu ikashuka mpaka kwetu, watu walikimbia kwa maelfu. Wengine walivuka Rusizi kuingia Burundi, wengine walishika njia ya maji kuelekea kusini, wamekaa juu ya magodoro na masufuria, watoto wakiwa bila jile hata moja. Katika saa kama hiyo hakuna anayeuliza meli ina bendera gani. Anauliza ina nafasi.

NA SISI JE?

Sasa nigeuze kidole, maana kuwasema majirani ni rahisi.

Tanzania inahangaika na meli ya mwaka 1913. Sisi Kongo tuna pwani ndefu kuliko Burundi na Zambia, kutoka Kavimvira mpaka kusini ya Moba. Meli yetu ya abiria ya serikali, yenye ratiba, bei inayojulikana na ukaguzi wa kweli, iko wapi? Bandari ya Kalundu ilikuwa jicho la Uvira. Leo ukienda unaona nini? Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda yaliingia mpaka bandarini, na nyumba za watu zikamezwa. Mwezi wa nne 2020 mito yetu, Mulongwe wa kwanza, ilishuka na mawe usiku ikaua watu na kubomoa madaraja. Barabara ya taifa namba 5 ikikatika, au bunduki ikikaa katikati yake, Uvira inabaki na mlango mmoja tu: ziwa. Na mlango huo tumewaachia wenye boti za mbao wapambane na upepo peke yao.

Siwalaumu wenye boti. Bila wao tungekufa njaa. Lakini serikali inayowatoza kodi kwenye kila gati, na kila huduma inayonyoosha mkono pale bandarini, ingewadai pia jile na ingewapa taa, redio na habari ya upepo. Anayepokea franka za abiria awe na jibu siku abiria anapozama.

Wakati viongozi wanahesabu gharama za ndege zisizo na rubani na vifaru, nawauliza hesabu moja nyepesi: meli moja ya kuwaondoa watu inagharimu kiasi gani? Vita haijawahi kukosa bajeti. Kuokoa watu ndiko kunakongoja wafadhili.

TUNALODAI

Nimeandika maneno mengi, sasa niyafunge kwa madai yanayoshikika. Chama cha wavuvi, shirika la raia, makanisa na misikiti, wanafunzi wa ISDR na ISTM, na kamati za waliohamishwa mnaweza kuyabeba kama yalivyo au kuyaongezea.

Kwanza, Liemba ikirudi majini, ratiba yake isiishie Kigoma na Mpulungu. Serikali yetu na ya Tanzania zikae, safari ya kaskazini ifike Baraka na Kalundu, hata mara moja kwa mwezi kwa kuanzia. Mfanyabiashara wa Uvira atauza, mwanafunzi atasafiri, familia zilizogawanyika kati ya Nyarugusu na hapa zitaonana.

Pili, Kalundu itengenezwe kwa kuzingatia maji yanayopanda, na siyo kwa michoro ya zamani. Gati lililojengwa kwa ziwa la miaka ya Wabelgiji halitufai leo.

Tatu, nchi nne za ziwa ziwe na makubaliano yaliyoandikwa: vita ikilipuka popote pwani, ni meli zipi zitakwenda kuchukua watu, nani analipa mafuta, zinatua wapi. Mwaka 1997 na mwaka 2015 mambo hayo yaligunduliwa watu wakiwa tayari wanakufa. Safari ijayo, na wote tunajua inaweza kuwepo, karatasi iwe tayari.

Nne, mwisho wa Liemba na wa kila meli kubwa ya ziwa upangwe sasa, wakati ingali hai. Iandikwe wapi itakatwa, nani atasafisha, nani atalipa. Kuzamisha kuwe marufuku.

Tano, hapa hapa kwetu, kabla ya meli yoyote kufika: hakuna boti kuondoka Kalundu, Kasenga wala Kavimvira usiku ikiwa imejaa bila jile. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji mkuu wa bandari anayesema hapana na abiria wanaomuunga mkono.

Wapo watakaosema haya ni ndoto za mwanahabari wa mtaa. Mwaka 1916 mafundi watatu walipaka grisi mashine za meli wanayoizamisha, wakati mizinga ya adui inasikika. Nao wangeweza kuambiwa wanaota. Grisi ile ililindwa na matope miaka minane, na mashine zikawaka. Sisi hatuombi muujiza mkubwa kuliko huo. Tunaomba tu kwamba safari hii wanaotunza chombo wawe wanafikiria abiria, wasifikirie vita ijayo.

Wenye kumbukumbu za safari za Liemba za mwaka 1997, mje mtusimulie redioni, tuziweke kabla hazijapotea. Na wenye mamlaka wanaosoma hapa, nafasi ya kujibu ipo, kipaza sauti ni chenu pia. Tuko pamoja.